Maana na asili ya neno "ukame", na kwa nini Kitale hawalitumii

Hapa Pwani neno ukame halihitaji mkalimani. Mtu wa Ganze, Magarini, Kinango au Garsen akilisikia redioni anajua linazungumzia nini: vidimbwi vimekauka, punda anakwenda masafa kutafuta maji, na mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa. Lakini nilipokwenda kufundisha magharibi ya Kenya, kwanza Bungoma kisha Kitale, nilikuta neno hilohilo, la kamusi ileile na mtaala uleule wa shule, likiishi maisha mengine. Watu wanalijua na wanalitamka sawasawa, ila hawalitumii kujisemea wenyewe. Kwao ukame ni jambo la watu wengine.

Mzee mmoja, jirani yangu huko Kiminini, alinieleza hivyo waziwazi. Ulikuwa mwezi wa Juni, mahindi yake yamefika kifuani, majani yamejikunja kama mkeka uliokunjwa, na wiki tatu zimepita bila tone. Nikamuuliza, "Mzee, huu ukame mtauweza?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mwalimu, ukame ni ya Turkana. Sisi huku ni jua tu imekaa."

Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, na kadiri nilivyolifuatilia ndivyo nilivyoona kwamba tatizo halikuwa la mzee. Liko ndani ya neno lenyewe, namna lilivyoundwa na namna sisi wasemaji wa Kiswahili, pamoja na serikali yetu, tunavyolitumia. Ndiyo maana leo nimeamua kulichambua.

Tuanze na umbo. Ukame ni u- na kame. Kiambishi u- hapa ndicho kilekile cha utoto, uzee na umaskini: kinataja hali. Kwa hiyo ukame ni hali ya kuwa kame, na swali linabaki kame ni nini. Kiswahili kina kitenzi kukama, yaani kubana kitu kwa mkono hadi kitoe majimaji, na hasa kumbana ng'ombe chuchu atoe maziwa. Wengi siku hizi tunasema kukamua, ambalo limetoka humohumo. (Kama ya kulinganisha, "mweusi kama mkaa", ni neno jingine kabisa lililotoka kwenye Kiarabu, lisituchanganye.) Kitenzi hiki cha kukama ni cha kale katika lugha za Kibantu. Mkikuyu anakama, Mganda anakama, na hata Mshona kule Zimbabwe anakama ng'ombe wake kwa neno hilihili.

Sasa tazama kile ambacho Kiswahili hufanya kinapobadili irabu ya mwisho ya kitenzi kuwa -e. Aliyetumwa ni mtume. Kilichoumbwa ni kiumbe. Aliyeshindwa ni mshinde. Aliyeteuliwa ni mteule. Kila mara -e hiyo humtaja aliyetendwa, si aliyetenda. Kwa mkondo huohuo, kilichokamwa ni kame. Nchi kame, nionavyo mimi, ni nchi iliyobanwa ikatolewa majimaji yake yote, kama kiwele kilichokamuliwa hadi tone la mwisho.

Linganisha na wenzetu. Waingereza wana neno drought, lililotoka katika Kiingereza cha kale kwenye shina lilelile la dry, na Waholanzi wana ndugu yake, droogte. Wafaransa husema sécheresse, kutoka sec, kavu. Waarabu wana jafaf, ukavu, na pia qaht, ambalo hubeba mvua kukosa na njaa inayofuata. Karibu wote wameanzia kwenye ukavu: kitu hakina maji. Neno letu linasema zaidi ya hapo. Huwezi kukama kitu ambacho hakikuwa na maziwa. Ndani ya ukame mna kumbukumbu ya kilichokuwapo kikaondolewa, na kumbukumbu hiyo ndiyo maana halisi ya jambo lenyewe, kama nitakavyoonyesha.

Tatizo ni kwamba neno halikubaki hapo. Kamusi zetu huipa kame maana ya ardhi tupu, isiyo na rutuba wala maji, isiyozaa. Hiyo si hali ya kuja na kupita. Ni tabia ya mahali, kama vile kusema mlima ni mrefu. Basi leo tuna maana mbili katika shina moja. Ya kwanza ni tukio: mvua iliyotarajiwa haikuja. Ya pili ni tabia: hapa hapanyeshi. Kiingereza huzitenga kwa maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, arid kwa tabia ya mahali na drought kwa tukio. Sisi tunasema "maeneo kame" na "ukame" kwa pumzi moja, na msikilizaji anaondoka akidhani ukame ni kile kinachotokea katika maeneo kame, basi.

Hapo ndipo mzee wa Kiminini alipo. Kitale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, inapata mvua ya milimita 1,200 hivi kwa mwaka, na watoto husoma shuleni kwamba ni ghala la chakula la Kenya. Nchi yake si kame, na yeye anajua hivyo kuliko mtu yeyote. Basi atajitangazia ukame vipi?

Majirani wa neno hili

Kabla ya kwenda mbali, kuna maneno yanayokaa jirani na ukame ambayo huchanganywa nalo, na magazeti yetu ni wakosaji wakubwa.

Kiangazi ni msimu. Limetoka kwenye anga na kuangaza, wakati wa mwanga na jua jeupe. Kwetu Pwani kiangazi kikali ni miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, upepo ukitoka kaskazini mashariki, watu wakifyeka na kuchoma mashamba wakingoja masika. Kiangazi kinakuja kila mwaka na kina kazi yake. Kule Kitale kina kazi kubwa zaidi. Mahindi huvunwa Oktoba na Novemba, na ni lazima yakauke hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5 ndipo Halmashauri ya Nafaka na Mazao iyapokee. Mvua ikinyesha Novemba, mkulima wa Trans Nzoia analia, maana mahindi mabichi ghalani huota ukungu wenye sumu. Nimeona turubai zimetandazwa kando ya barabara kilomita nzima, mahindi yakianikwa, na wenye mali wakilitazama jua kwa upendo. Kuandika "kiangazi chakumba wakazi", kama tunavyosoma kila mara, ni kama kuandika usiku umewakumba wakazi.

Jangwa ni mahali. Lodwar, yenye milimita 200 hivi za mvua kwa mwaka, iko katika nchi ya nusu jangwa hata mwaka ambao mvua yake imenyesha vizuri. Katika mwaka kama huo hapana ukame Lodwar, ingawa mgeni kutoka Bungoma atashuka kwenye basi na kuapa kwamba upo.

Na njaa ni matokeo, tena si matokeo ya lazima. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu kwetu Pwani, katika lugha za Kimijikenda na katika Kiswahili chetu cha kila siku, mara nyingi tunasema njaa tukimaanisha mvua kukosa. Wakamba nao huhesabu miaka kwa njaa zake. Ya 1961 waliiita Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Lakini mvua ikikosa na barabara ipo, fedha ipo na ghala lina mahindi, njaa si lazima ije. Na inaweza kuja mvua ikiwa inanyesha vizuri: mwaka 2017 viwavijeshi vya aina mpya kutoka bara la Amerika viligunduliwa nchini, na mashamba ya magharibi, Bungoma na Trans Nzoia yakiwamo, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kushambuliwa. Mkulima aliyeliwa mahindi na viwavi hakuwa na ukame.

Babukusu wametupita katika kutenganisha mambo haya, na ushahidi uko kwenye rejista ya darasa lolote la Bungoma. Nilipoanza kufundisha huko niliita majina kila asubuhi bila kujua kwamba naisoma kalenda. Wafula na Nafula ni mtoto wa majira ya mvua. Wanyonyi na Nanyonyi ni wa wakati wa kupalilia. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Simiyu na Nasimiyu ni wa msimu wa jua, yaani kiangazi hasa. Na Wanjala na Nanjala ni wa njaa. Bila shaka majina hurithiwa pia, kwa hiyo si kila Wanjala alizaliwa mama yake akilala na njaa. Lakini tazama mpangilio: msimu mkavu una jina lake na njaa ina jina lake, na hakuna aliyedhani kwamba ni kitu kimoja. Simiyu si mtoto wa balaa. Ni mtoto aliyezaliwa wakati barabara zinapitika.

Hapa niweke onyo kwa wapenda asili za maneno. Kitale ni mji wa lugha nyingi, na Waturukana ni wengi humo. Katika lugha yao msimu wa ukavu huitwa akamu, na wa mvua akiporo. Nilipolisikia akamu mara ya kwanza moyo uliruka: kame, akamu, si ndugu hawa? Ushahidi wa undugu huo haupo. Kiturkana ni lugha ya Kinailoti na Kiswahili ni cha Kibantu, na maneno mawili kufanana sauti si undugu, kama vile mtu wa Lamu na mtu wa Lodwar wanaweza kufanana sura bila babu mmoja. Tunayo njia ya kulieleza kame kutoka ndani ya Kiswahili chenyewe, na hiyo inatosha.

Ukame wa wataalamu

Mwaka 1985 Wamarekani wawili, Donald Wilhite na Michael Glantz, walikusanya maana za ukame zilizokuwa zimeandikwa duniani wakapata zaidi ya 150. Wakazipanga katika makundi manne, na mpaka leo makundi hayo ndiyo yanayofundishwa. La kwanza ni ukame wa hali ya hewa: mvua imepungua kuliko kawaida ya mahali hapo. La pili ni wa kilimo: udongo hauna unyevu wa kutosha wakati mmea unauhitaji. La tatu ni wa maji: mito, visima na mabwawa yameshuka. La nne ni wa kijamii na kiuchumi: upungufu huo umefika sokoni na jikoni.

Shikilia maneno haya, "kuliko kawaida ya mahali hapo". Kipimo kinachotumiwa sana, kilichotolewa mwaka 1993 na McKee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, hakiulizi mvua ni milimita ngapi. Kinauliza mvua ya miezi hii ikoje ukiilinganisha na miezi kama hii kwa miaka mingi, 30 au zaidi, katika mahali palepale. Milimita 400 Lodwar ni neema ya kusimuliwa. Milimita 400 Kitale ni msiba. Kwa maneno mengine wataalamu, pasipo kujua, wamerudi kwenye maana ya kukama: kilikuwapo kitu kinachotarajiwa, na kimekosekana.

Ukame wa kilimo ndio wa Kitale na Bungoma, na ni mjanja kwa sababu hauonekani kwenye jumla ya mvua ya mwaka. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani muda mrefu. Aina zilizotoka kwenye kituo cha utafiti cha Kitale na kuzalishwa na Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa hapohapo mwaka 1956, kuanzia ile H611 ya mwaka 1964, zilikusudiwa nchi yenye mvua ndefu isiyokatika. H614, ambayo wazee bado wanaipenda, inaweza kukaa miezi 6 hadi 7 au zaidi kabla ya kuvunwa. Katika muda wote huo kuna wiki chache ambazo mmea hauvumilii mchezo, nazo ni zile za kutoa mbelewele juu na ndevu kwenye muhindi.

Kila uzi wa ndevu ya muhindi unakwenda kwenye punje moja. Chavua ikitua juu ya uzi, punje ile inaumbika. Isipotua, panabaki pengo. Udongo ukikauka wakati huo, ndevu huchelewa kutoka, lakini mbelewele haingoji. Inamwaga chavua yake kwa ratiba yake, na ndevu zikija zinakuta karamu imekwisha. Mvua inaweza kurudi wiki inayofuata ikanyesha mpaka madaraja yabebwe, na mmea ukawa kijani kama mgomba. Mpita njia barabarani ataona shamba zuri. Mwenye shamba akimenya muhindi mmoja anaona meno ya kizee, punje hapa na pengo pale. Mwisho wa mwaka jumla ya mvua itasoma kawaida, na hakuna atakayeandika neno ukame popote.

Kuna namna nyingine, ya mvua kuchelewa. Mwaka 2019 masika yalichelewa sehemu kubwa ya Kenya. Machi ilipita kavu, kimbunga Idai kikiwa kimevuta unyevu kwenda Msumbiji, na wakulima wa magharibi waliokuwa wamepanda wakitumaini mvua za mwanzo waliona mbegu zikilala kwenye vumbi. Mwaka huo uliishia na mvua nyingi kupita kiasi, mafuriko na maporomoko. Ukitazama jumla utadhani ulikuwa mwaka wa neema.

Ukame wa maji nitaupitia haraka. Mto Nzoia unakusanya maji ya Cherangani na ya Mlima Elgon, unapita Trans Nzoia na Bungoma, unaanguka pale Nabuyole karibu na Webuye, kisha unaelekea Ziwa Viktoria. Mto ukishuka, anayeumia kwanza anaweza kuwa wa chini kabisa ambaye mvua yake mwenyewe ilikuwa nzuri. Sisi wa Tana River na wa Sabaki tunalijua jambo hilo bila kufundishwa: maji yetu huamuliwa na mvua za bara.

Nani anahesabiwa

Sasa twende mahali ambapo neno linageuka kuwa fedha. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, iliyoanzishwa 2011 na kupewa sheria yake 2016. Kila mwezi mamlaka hiyo hutoa taarifa za hali ya ukame kwa kaunti, ikitumia mvua, picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya majani, bei za mbuzi na mahindi, umbali wa kwenda majini na hali ya watoto. Kisha kaunti hupewa daraja: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, au kupata nafuu. Daraja likipanda, fedha za kukabiliana na ukame zinaweza kutolewa mapema. Ni mfumo mzuri, na kwa maoni yangu ni moja ya kazi za maana ambazo serikali yetu imefanya katika miaka ya karibuni.

Mfumo huo unafuatilia kaunti 23, zile zinazoitwa kame na nusu kame. Kati ya kaunti sita za Pwani, tano zimo: Kilifi, Kwale, Lamu, Taita Taveta na Tana River. Mombasa peke yake haimo. Pokot Magharibi imo. Trans Nzoia haimo, na Bungoma haimo. Kutoka Kitale hadi Kapenguria ni safari ya matatu ya chini ya saa moja, na njiani unavuka mpaka ambao upande mmoja ukame unapimwa kila mwezi na upande wa pili haupimwi kwa kipimo hicho. Endebess na Kwanza, sehemu za Trans Nzoia ambazo mvua yake ni haba kuliko ya mjini, ziko upande usiopimwa.

Ninaelewa kwa nini. Fedha ni chache, na ng'ombe wa Turkana hufa wakati mahindi ya Kitale yanapungua tu. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipitisha misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, na kufikia mwisho wa 2022 kaunti 20 kati ya zile 23 zilikuwa taabani, watu zaidi ya milioni 4 wakihitaji msaada wa chakula na mifugo zaidi ya milioni 2 ikiwa imekufa. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema fedha hizo zingepelekwa Kiminini. Lakini kupima si kugawa. Hesabu ingeweza kuwapo hata pasipo na msaada, na mkulima akajua kwamba lililompata lina jina.

Upande wa pili wa kosa unatuhusu sisi. Ikiwa Kitale haiwezi kuwa na ukame kwa sababu si kame, basi Ganze haiwezi kukosa ukame kwa sababu ni kame. Nimewasikia viongozi kwenye mikutano wakisema hivyo karibu neno kwa neno: "Hapa ni kame, tumezoea." Tumezoea nini? Ukame ni tukio, na tukio lina mwanzo, lina sababu, lina mwisho, na lina mtu wa kuulizwa kwa nini kisima kilichoahidiwa hakikuchimbwa kabla halijafika. Ukilifanya kuwa tabia ya nchi umemsamehe kila mwenye wajibu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Trans Nzoia wana lugha safi kwa jambo hili. Ng'ombe ambaye maziwa yamekatika kwa sababu ana mimba husema amekauka. Asiyezaa kabisa ni tasa. Hakuna anayemuuza aliyekauka kwa bei ya tasa, maana atazaa na atakamwa tena. Sisi tumeiuza Ganze kwa bei ya tasa.

Bungoma imewahi kujaribu njia isiyolihitaji neno hili hata kidogo. Machi 2016 serikali ilizindua mpango wa bima ya mazao, na upande wa mahindi ulianzia katika kaunti tatu: Bungoma, Embu na Nakuru. Eneo hugawanywa katika vipande, wataalamu hupima mavuno ya mashamba machache katika kila kipande wakati wa kuvuna, na wastani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, kila aliyekata bima katika kipande hicho hulipwa. Hakuna anayeuliza kama ni ukame, ni viwavi au ni mvua ya mawe. Dosari yake inajulikana: shamba lako likifa na ya majirani yakapona, wastani unakufuta. Hata hivyo mpango ule ulitambua kwamba mahindi ya Bungoma yanaweza kukosa, jambo ambalo orodha ya kaunti 23 haikupewa kazi ya kulitambua.

Na mahindi ya huko yakikosa, habari hufika Pwani kwa njia ya bandari. Mei 2017, baada ya mavuno mabaya na ukame uliotangazwa janga la kitaifa Februari mwaka huo, meli yenye mahindi kutoka Mexico ilitia nanga Mombasa, na unga wa ruzuku ukauzwa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo 2. Waliopanga foleni madukani Kisauni na Likoni walikuwa wakilipia, pamoja na mambo mengine, mihindi yenye mapengo ambayo hawakuiona.

Kwa hiyo mimi mwenyewe, ninapoandika, nimeamua kutumia maneno haya hivi. Kiangazi ni msimu na hakimkumbi mtu. Kame ni tabia ya ardhi, na ninaposema Ganze, Lodwar au Garissa ni nchi kame sijasema chochote kuhusu mwaka huu. Ukame ni upungufu uliotokea, wenye tarehe na mahali, na unaweza kutokea Kitale, Webuye, hata Kericho kwenye chai. Nikitaka kuutaja ule wa wiki tatu za Juni nasema ukame wa kilimo, na mkulima akinijibu kwamba ni jua tu, namuuliza ndevu za mahindi zilitoka lini. Neno lenyewe ni la ngeli ya U na halina wingi, kwa hiyo ukame umezidi, si "ukame imezidi" wala "maukame". Ikibidi kuhesabu, hesabu misimu: misimu mitano ya ukame.